Gari la marehemu na fundi wa giaboksi

Katika mali anazoacha maiti, zipo zinazogawika bila taabu: fedha taslimu, mbuzi, magunia ya nafaka, hata shamba likipimwa na watu waadilifu. Ipo pia mali isiyogawika ila kwa kuuzwa, na isiyouzika kwa haki ila kwa kutengenezwa kwanza. Mali ya namna hiyo ndiyo iletayo manung'uniko majumbani, kwa sababu kila mrithi huipa thamani kwa jicho lake mwenyewe. Mmoja huona urithi wa heshima, mwenziwe huona chuma chakavu kinachochukua nafasi uani.

Mwaka jana alifariki mmoja wa wazee wa msikiti wetu hapa Tanga, Allah amrehemu. Miongoni mwa aliyoyaacha lilikuwamo gari dogo la milango miwili, Datsun 240Z la mwaka 1971, lililokuwa limefunikwa turubai katika banda la nyuma ya nyumba. Warithi wake ni sita: mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na yule wa mwisho katika hao wa kike ana umri wa miaka 11. Wanafunzi wa elimu ya mirathi watafurahi nikisema kwamba hesabu yake ilitoka safi, haikuhitaji hata tas'hihi. Mjane ana thumni kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Zilizobaki ni thumni saba, na vichwa vya watoto, kwa kumhesabu wa kiume mara mbili, navyo ni saba. Basi mali yote ikawa mafungu manane: moja la mama, mawili mawili ya vijana, na moja moja la kila binti.

Hesabu hiyo iliandikwa kwenye karatasi kwa muda mfupi, lakini gari halikatwi mafungu manane. Tena halikuwa zima. Giaboksi yake ilikuwa imekwisha kushushwa na kufunguliwa, na viungo vyake vimelala katika karai mbili za bati vikiwa vimechanganyika na misumari, sili zilizochanika na mchanga. Marehemu katika mwaka wake wa mwisho alimpa kazi fundi mmoja wa mjini, na fundi huyo alipoona mambo yamemshinda alizileta karai zile mlangoni, akazitua, akaondoka zake na malipo ya awali. Simtaji, wala gereji yake siitaji. Kisa chake nakieleza kwa sababu kilichoharibika hapo kiliharibikia katika herufi moja tu, na tutaifikia.

Huenda msomaji akauliza kwa nini familia ijisumbue na mkweche wa zaidi ya miaka 50. Jibu liko katika historia ya gari lenyewe, na historia hiyo inatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Datsun 240Z lilitoka viwandani Japani tangu mwishoni mwa mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyolipa jina. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda kwa gari hilo. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mehta baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa magari mengine ya kampuni hiyo hiyo. Wazee wetu wengi walisimama kandokando ya barabara za vumbi kuyatazama magari hayo yakipita, na marehemu alikuwa mmoja wao. Alilinunua lake Mombasa katika miaka ya themanini, likiwa tayari limetumika.

Leo wakusanyaji wa magari ya kale duniani wanayatafuta. Mwezi Januari 2020 gari moja la aina hiyo, la mwaka 1971, liliuzwa Marekani katika mnada wa intaneti kwa dola 310,000. Habari hiyo iliingia katika familia kupitia simu ya kijana wa pili, na kwa siku kadhaa ikawa fitina. Ilibidi ielezwe kwamba gari lile la Marekani lilitunzwa kama yai, lilikuwa limetembea maili 21,000 tu, na hakuna kilichobadilishwa ndani yake. Hili letu limebeba magunia ya nazi. Hata hivyo, kati ya bei ya gari zima linalotembea na bei ya gari lenye giaboksi ndani ya karai kuna tofauti kubwa sana, na tofauti hiyo ni mali ya warithi wote sita, akiwemo yatima.

Hapo ndipo nilipoitwa. Katibu wa kamati ya msikiti huitwa kuandika mambo mengi, na mara nyingi huitwa watu wakiwa wamekwisha kugombana. Safari hii, alhamdulillah, waliniita kabla.

Kwanza ilitupasa kuelewa kilichoharibika. Injini ya gari huzunguka kwa kasi na kwa nguvu isiyolingana na mahitaji ya magurudumu wakati wote. Gari likianza kuondoka huhitaji nguvu nyingi na mwendo mdogo, likishika barabara huhitaji kinyume chake. Giaboksi ndiyo hubadilisha uwiano huo. Wengi wetu hudhani kwamba dereva anapoingiza gia, meno ya gia moja yanasogezwa kukutana na meno ya nyingine. Katika magari ya aina hii sivyo. Gia za kwenda mbele zimeshikana muda wote, zinazunguka pamoja daima. Kinachosogea ni kitu mfano wa komeo, ambacho huifunga gia iliyochaguliwa na shafti yake. Na kwa kuwa gia na shafti huwa zinazunguka kwa kasi tofauti, lazima kiwepo cha kuzisawazisha kabla komeo halijafunga, la sivyo meno hugongana, na ndio ule mlio wa kukwaruza unaotutia aibu mbele ya abiria. Kazi hiyo ya kusawazisha hufanywa na pete.

Pete hizo zina namna zaidi ya moja. Ipo ya Warner, ambayo ni pete ya shaba yenye umbo la koni, hubana ubavu wa gia kama breki. Ipo na ya Porsche, ambayo ni pete ya chuma iliyokatwa sehemu moja, ikibanwa hutanuka na kushika kwa nguvu zaidi. Zote mbili hufanya kazi vizuri, ila haziingiliani kamwe. Giaboksi ya gari la marehemu ni ya gia tano, na jina lake la kiwandani ni FS5C71A. Tano ni idadi ya gia. 71 ni umbali wa milimita kati ya shafti mbili kuu za ndani. Na ile C yaonyesha kwamba pete zake ni za namna ya Porsche. Katika giaboksi za ukoo huo huo zilizotumika kwenye magari mengi ya Datsun na Nissan, zikiwemo pikapu zilizojaa nchini mwetu, mahali pa C huwa pana W, nayo ni ya Warner.

Fundi yule wa kwanza alijua pikapu. Alipoona ukubwa ni ule ule na ukoo ni ule ule, alinunua pete za shaba, akazilazimisha, na zilipokataa akatumia nyundo na patasi. Gia ya pili ikapata jeraha ubavuni. Herufi ilikuwa imepigwa chapa na ingeweza kuulizwa. Hakuuliza.

Vijana wakaanza kutafuta fundi mwingine, nami nikafuatana nao mara mbili tatu. Gereji ya kwanza ilikuwa safi, ina sakafu ya vigae na mashine za kompyuta za kusomea hitilafu. Msimamizi wake alizitazama karai, akatabasamu, akasema waziwazi: "Ndugu zangu, sisi magari haya hatukuyasomea. Nikikubali nitawadanganya." Hatukulipa chochote, na tukatoka tukimwombea dua, kwani fundi anayejua mpaka wa elimu yake ni neema kwa mji. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimbebesha dhamana mtu anayetibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu. Wanazuoni wameipanua hukumu hiyo kwa kila anayejitia katika kazi asiyoijua na akaharibu.

Wa pili alisema giaboksi ni giaboksi, akataka kuanza siku hiyo hiyo. Wa tatu alipatikana Dar es Salaam kwa njia ya simu. Alizungumza kwa ufasaha, lakini alitaka alipwe fedha zote kabla ya kuona hata picha. Mtoto wa kwanza wa marehemu alikuwa karibu kukubali kwa kuchoka tu. Mama yake, ambaye alikuwa ameketi kimya muda wote, akamwambia: "Mwanangu, baba yako alitoa nusu akaletewa karai. Wewe ukitoa zote utaletewa nini?"

Katika Suratul Qasas tunasoma habari ya binti wa yule mzee wa Madyan, aliyemshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.) kwa kutaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Wafasiri wameeleza kwamba nguvu hapo ni uwezo wa kuifanya kazi yenyewe, si misuli peke yake. Jamii yetu, nionavyo, imekuwa ikitumia nusu ya mizani hiyo. Tunampa kazi mtu kwa kuwa ni mswalihina, anaswali safu ya kwanza, ni mkwe wa fulani, na hatuulizi kama anaijua kazi. Au tunampa hodari ambaye mji mzima unajua kwamba hubadilisha spea za wateja. Giaboksi iliyoharibiwa na mcha Mungu haiingii gia kwa sababu ya ucha Mungu wake.

Fundi aliyefaa alipatikana kwa njia ambayo sikuitarajia. Mzee mmoja muuza beringi mjini, ambaye dukani kwake beringi hutafutwa kwa namba zilizochongwa pembezoni mwake wala si kwa jina la gari, alisema kwamba wakati wa mashamba makubwa ya mkonge kulikuwa na karakana zilizotengeneza Datsun za kila namna, na mmoja wa mafundi wa karakana hizo yu hai, anaishi Muheza, na bado anafanya kazi kwa mkono wake. Tulimkuta mzee wa miaka zaidi ya 70, banda lake la mabati, sakafu ya udongo uliofagiwa. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cheupe kimetandikwa na juu yake beringi tatu zimepangwa. Kitambaa kile kilinipa matumaini kuliko vigae vya gereji ya kwanza.

Hakuzigusa karai. Aliuliza: "Gari hili ni la nani?"

"La marehemu baba, mzee."

"Marehemu hana gari, mwanangu. Nauliza sasa ni la nani?"

Kijana akaeleza habari ya warithi sita, mmoja wao mtoto. Mzee akatikisa kichwa, akauliza swali la pili: gari hilo wanataka kuliendesha au kuliuza? Tulidhani ni udadisi, kumbe ni swali la kiufundi. Kama ni la kuendesha tu, alisema, yawezekana kutafuta giaboksi ya miaka ya baadaye, yenye pete za shaba, ambayo spea zake hupatikana kwa urahisi, na ikafungwa kwa marekebisho. Lakini kama ni la kuuza kwa mkusanyaji, mnunuzi atainama chini ya gari na kusoma herufi. Akikuta giaboksi si ya asili, bei itashuka. Ndipo akachukua kitambaa, akafuta ubavu wa ganda la giaboksi, akatuonyesha ile C.

Akauliza pia gari lilikuwa likilalamika vipi kabla ya kufunguliwa. Je, lilikwaruza wakati wa kuingiza gia, na ni gia ipi? Je, gia ilichomoka yenyewe mtelemkoni? Je, kulikuwa na mvumo ulionyamaza klachi ilipokanyagwa? Kila dalili ina maana yake. Kukwaruza kwaelekeza kwenye pete au kwenye klachi isiyoachia. Kuchomoka kwaelekeza kwenye meno na makomeo yaliyolika. Mvumo unaonyamaza kwa klachi mara nyingi ni beringi ya shafti ya mbele. Alisisitiza jambo la klachi, kwa kuwa giaboksi nyingi, alisema, hufunguliwa bure ilhali ugonjwa uko kwenye pampu ndogo ya klachi inayovuja. Fundi anayefungua kabla ya kuuliza, kwa maneno yake, ni sawa na mkunga anayevuta kabla ya uchungu.

Kikabaki kifungu kigumu, nacho ni mkataba. Fundi hawezi kujua kazi ni kubwa kiasi gani mpaka avisafishe viungo vyote na kuvipima. Mwenye gari hawezi kukubaliana bei ya kazi isiyojulikana. Bei moja ikitajwa tangu mwanzo, mmoja wao atadhulumika, ama fundi akute uharibifu mkubwa kuliko malipo, ama warithi walipie uharibifu ambao haukuwepo. Sheria yetu imekataza gharari, yaani biashara ya kitu kisichojulikana, na wakati mwingine watu huona katazo hilo kuwa ni la vitabuni tu. Hapa lilikuwa mezani, limepakaa grisi. Tulichofanya ni kutenganisha mikataba miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kusafisha, kupima na kuandika orodha, kwa ujira maalumu unaolipwa hata kama kazi haitaendelea. Wa pili ungeandikwa baada ya orodha kuonekana, na warithi wangekuwa huru kuukataa na kuondoka na karai zao.

Orodha ilichukua siku nne. Iliandikwa kwa penseli katika daftari la mwanafunzi: beringi zote kubadilishwa, sili zote kubadilishwa, shafti zote nzima, komeo moja limelika, pete za gia ya pili na ya tatu hazifai, gia ya pili ina jeraha lakini jino halijaguswa na yaweza kusalimika. Kila kiungo kilipigwa picha kwa simu ya mjukuu wake na kuwekwa katika mfuko wake wenye namba. Nilipouliza kwa nini anapima nafasi kati ya gia na gia kwa vile vibati vyembamba, alisema nafasi ikizidi kidogo gia itapiga kelele, na ikipungua itaungua. Nilikumbuka habari ya Nabii Daud (a.s.) katika Suratu Saba, alivyolainishiwa chuma na kuamrishwa afanye deraya na avipime viungo vyake sawasawa. Fundi wa chuma anayepima ana mtangulizi mtukufu.

Ama suala la dhamana, hapa niwaombe wasomaji subira kidogo. Kikiharibika kitu mkononi mwa fundi, nani hubeba hasara? Wanazuoni humwita fundi wa namna hii mwajiriwa wa wote, kwa kuwa hupokea kazi za watu wengi, tofauti na mtumishi wa mtu mmoja. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba aliwadhaminisha watia rangi na masonara, kwa kuwa watu hawatengenekewi ila kwa hivyo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi hadhamini ila akivuka mpaka au akizembea. Lakini Rabi', mwanafunzi wake Imam, amenukuliwa akieleza kwamba Imam mwenyewe aliiona hukumu hiyo lakini hakupenda kuitangaza, kwa kuchelea mafundi wabaya wasije wakaitumia. Nimeipenda sana hofu hiyo. Ni hofu ya mwanazuoni aliyewahi kuingia sokoni.

Kwa hivyo hatukuacha jambo hilo mikononi mwa hitilafu za wanazuoni. Tuliandika kinachohesabiwa kuwa ni uzembe: kutumia nyundo mahali pa presi, kufunga kiungo kisichokuwemo katika orodha bila idhini, kupoteza mfuko wenye namba. Tuliandika pia kwamba viungo vya zamani vyote vitarudishwa kwa wenyewe, jambo linaloziba mlango wa kuuziwa spea ambayo haikununuliwa. Malipo yakawa mafungu matatu, la mwisho likilipwa baada ya gari kujaribiwa likiwa baridi na likiwa moto. Wakashuhudia wanaume wawili. Aya ya deni katika Suratul Baqara ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, na ndani yake mwandishi ameambiwa asikatae kuandika. Mzee alikubali kila kifungu na kuongeza kimoja chake: kwamba warithi wasimpigie simu zaidi ya mara moja kwa wiki.

Nani alipe? Mtoto mkubwa, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi, alitaka gharama itolewe katika fedha za marehemu kabla ya kugawanywa. Lilionekana jambo la kawaida. Imamu wetu akamzuia kwa upole: "Katika kila shilingi nane hapo, moja ni ya mdogo wako. Wewe waweza kuihatarisha yako. Ya kwake utaihatarisha kwa idhini ya nani?" Qur'ani imekataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora, na onyo la Suratun Nisaa kwa wanaoila kwa dhuluma linajulikana kwa kila aliyehudhuria darsa. Gari la kale ni bahati nasibu. Laweza kutengenezwa na mnunuzi asitokee.

Suluhu iliyofikiwa ilikuwa hii. Gari lilithaminiwa na watu wawili kama lilivyo, na karai zake. Mama na watoto wanne wakubwa wakatoa gharama kutoka mifukoni mwao. Likiuzwa zaidi ya thamani ile, watajirudishia walichotoa kutokana na ziada, kisha kilichobaki kitagawanywa mafungu manane. Likiuzwa chini yake, binti mdogo atapewa thumni yake kwa hesabu ya thamani ya awali, na pungufu watalibeba wao. Walikuwepo jamaa waliosema kwamba huku ni kuzidisha, eti mtoto mwenyewe anaishi na kula kwa ndugu zake hao hao. Sikubaliani nao. Kumlisha ni wema wao na ujira wao uko kwa Allah. Thumni ni yake.

Kulikuwa na mtihani mwingine mdogo. Dalali mmoja aliposikia habari za gari alishauri libandikwe namba na maandishi ya Safari ubavuni, na iachwe isemekane kwamba liliwahi kushindana. Hakutaka mtu aseme uwongo, alidai, ila asikanushe. Mjane alimjibu kwamba mumewe alibebea nazi. Namba ya kiwandani, inayoanza na HS30, ni ya magari ya usukani wa kulia, na hiyo peke yake ndiyo sifa iliyoandikwa katika tangazo, pamoja na kila kasoro tuliyoijua. Ile habari ya Mtume (s.a.w.) kutia mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini yake haihusu nafaka tu.

Pete za Porsche ziliagizwa kwa msaada wa jamaa aliyeko Uingereza, ambako magari haya yana vyama vya wapenzi wake na spea za Japani huagizwa mara kwa mara. Kifurushi kilichelewa. Kazi iliyokusudiwa wiki sita ikafika tisa, na ni mzee mwenyewe aliyepiga simu kueleza kabla hajaulizwa. Komeo lililolika lilipata mwenziwe kutoka giaboksi ya zamani iliyokuwa darini kwake. Beringi zote zilitoka katika duka lile lile la mjini, kwa namba.

Siku ya kufunga alikuja Tanga na vijana wawili, mmoja wao ndiye yule mjukuu wa picha. Nilimuuliza kijana kama anajifunza kazi. Akasema amemaliza chuo cha ufundi stadi na amesomea magari ya kisasa, ila babu humfundisha Ijumaa baada ya Swala. Mzee aliposikia akasema kwamba yeye hakuwahi kupata mtu wa kumwachia vipimo vyake mpaka kijana huyu alipotokea. Mafundi wa rika lake wanakwenda, na wengi wanakwenda na elimu yao. Kamati yetu imekwisha kulizungumza jambo hili katika kikao kimoja, kwamba vijana wa madrasa wanaopenda ufundi wapelekwe kwa wazee wa namna hii siku za mapumziko.

Walijaribu gari asubuhi likiwa baridi hadi Pongwe, wakaendelea hadi Muheza, wakarudi mchana likiwa moto. Gia ya pili iliingia kimya kwenda na kurudi. Mzee aliamuru mafuta yamwagwe baada ya kilomita 300 na kuwekwa mapya ya daraja la GL-4, si yale ya GL-5 yanayouzwa kila mahali, kwa kuwa anasema dawa zake zinaweza kudhuru shaba iliyomo ndani. Siku ya kumwaga alikuja mwenyewe. Aliyakinga katika sinia jeupe, akapitisha sumaku polepole, akaonyesha ilichokamata: vumbi laini kama wanja, hapana chembe hata moja ya kuumiza kidole. Fungu la tatu alilipwa pale pale, kabla hajaomba maji ya kunawa.

Wanunuzi wawili wamekwisha kufika kulitazama gari, mmoja kutoka Arusha na mwingine kutoka Nairobi. Wote wawili waliuliza kuhusu giaboksi, na wote walionyeshwa daftari la penseli, picha, na mifuko ya viungo vya zamani yenye namba zake. Yule wa Nairobi alilala chini ya gari kwa muda mrefu na tochi. Bei bado inazungumzwa.